Kumi na Moja Kutoka Kumi

Sikilizeni wanangu, lakini kwanza kaeni, kila mtu atafute pa kukaa. Wewe kifungua mimba chukua kile kiti cha wateja maana ndicho pekee kitakachokubeba bila kulalamika, Mwalimu kaa juu ya meza ya kukatia, leo ni ruhusa, siku nyingine nitakufukuza, na wewe kitindamimba wangu usinisimamie mlangoni kama mgeni, njoo ukae kwenye stuli yako mbele ya cherehani yako. Najua mmeshtuka. Mtu akiitiwa wosia saa moja ya asubuhi, siku ya Jumapili, anakuja na leso mkononi, na wewe kifungua mimba, dereva wetu, nimekuona dirishani, umeliacha lori katikati ya njia ukidhani utanikuta nimelala chali. Sijalala chali! Jana nimepanda ngazi za hospitali, ngazi kumi na nane, nimezihesabu, na sikusimama hata mara moja kujifanya natazama mandhari.

Moyo huu niliopandikizwa umetulia. Daktari ndiye kasema, si mimi. Waliniingizia tena ule waya wao mwembamba kwenye mshipa wa shingo, wakabandua kipande cha moyo kisichozidi punje ya mchele, wakaenda kukitazama kwa darubini yao, na yule daktari asiyecheka akarudi anacheka, akaniambia, "Mama, mwili wako na moyo wako wamepatana." Nilitaka kumkumbatia nikakumbuka nimeambiwa nisikumbatie watu ovyo kwa sababu ya maambukizi, nikaishia kumpigia makofi peke yangu pale kitandani, na muuguzi naye akapiga, tukawa kama tuko uwanjani.

Mtauliza, kama amepona, wosia wa nini? Wosia ni kwa sababu ninayo pumzi ya kuusema. Ule wa kwanza niliutoa sina pumzi na nikaukosea. Tena kuna jambo moja ambalo nikifa nalo, mmoja wenu atalibeba mpaka uzeeni, na mzigo wenyewe si wake, ni wangu. Nitalifikia. Msiniharakishe, nimeanza kulizunguka tangu alfajiri.

Mwalimu, toa simu yako. Ule wosia ulioninasa sauti siku nilipoingizwa chumba cha upasuaji, uufute sasa hivi nikiona. Yule anayesema mle ndani alikuwa mtu mwingine mwenye moyo mwingine, anagawa duka hili kwa kifungua mimba, kiwanja kwa Mwalimu na cherehani kwa kitindamimba, na sauti yake imekwisha kama maji ya chupa. Kiwanja chenyewe kiko wapi? Kiliuzwa wiki ile ile kunilipia kitanda na madaktari, na Mwalimu alitia saini amesimama, hata kalamu hakuomba kubadilishiwa, mtu ambaye alikuwa ameshachora nyumba yake kwenye daftari la masomo, na dirisha la jikoni ameshaliwekea pazia la maua. Nililiona lile daftari, mwanangu. Nilikufungia nalo mdomo miaka miwili kwa sababu sikujua nianzie wapi. Asante. Haya, nimeanza.

Na mjomba wenu, mdogo wangu, yule pale ng'ambo ya barabara ambaye mlango wake haujafunguliwa kwa sababu Jumapili analala kama gogo. Mnajua kwamba miaka kumi na miwili hatukusalimiana, kisa alichukua kazi ya sare za shule ya juu ambayo ilikuwa yangu, nami nikasema sitakanyaga kwake wala yeye kwangu. Msichokijua nyinyi wakubwa wawili ni kwamba nilipokuwa nimelazwa, yeye ndiye aliyemaliza kushona oda zangu zote. Alivuka barabara na futi yake shingoni, akakaa kwenye cherehani yangu, akashona, akakabidhi hela yote kwa kitindamimba, hata vipande vilivyobaki vya kitambaa, ambavyo ni haki ya fundi aliyekata, alivikunja akavipanga rafuni kwangu. Niliporudi nikaviona. Nikavihesabu kwa kiburi, nikitafuta alichoiba. Hakuiba kitu.

Sasa niwaambie habari za huyu mgeni wa kifuani, maana ana tabia yake. Daktari alinieleza kwamba katika kuuhamisha moyo, ile mishipa myembamba inayouletea habari kutoka kichwani hukatwa, na hapana sindano ya kuiunga. Kwa hiyo mimi nikishtuka, moyo hauna habari. Unakuja kuambiwa baadaye, damu ikishaufikishia taarifa, na hapo mimi mwenyewe nimeshatulia nakunywa maji, ndipo wenyewe unaanza kudunda kama umefukuzwa na mbwa. Siku ile paka alipoangusha sahani, nilipiga kelele, nikacheka, nikazoa vigae, nikakaa, na nilipokaa ndipo moyo ukashtuka. Nikauambia, umechelewa, bwana, paka ameshaondoka.

Cheka, dereva, cheka, usijizuie. Nawe huanza kucheka wengine wakishanyamaza.

Ulikuwa wa nani? Sijui, na hospitali haisemi. Najua tu kwamba mahali fulani palikuwa na watu wamesimama kwenye ukumbi wenye taa nyeupe, wanalia, wakaulizwa swali gumu kuliko yote, wakasema ndiyo. Mimi nimeshona nguo miaka arobaini kwa kitambaa cha watu. Mteja akikuletea kitambaa chake, fundi mwenye akili anajua si chake, hakikalii, haweki chai juu yake, halali mpaka akikabidhi. Kanuni hiyo nimewafundisha wanafunzi wangu wote hapa, na kwa moyo niliopewa sikuifuata. Haya, tumefika.

Nyinyi mmekulia chini ya meza hii, mnajua jina langu la mtaani. Kumi na Moja. Wageni hudhani ni nambari ya nyumba. Mafundi wenzangu walinipa kwa sababu mteja akileta kitambaa cha sare kumi, mimi nilikuwa nageuza karatasi za vipimo, mkono naulaza ndani ya mkunjo wa bega, kola naichomeka kati ya miguu ya kaptura, mpaka natoa kumi na moja, na zile kumi hazipungui hata pindo. Vipande ni vya fundi, kila fundi anajua hivyo, basi ile ya kumi na moja ilikuwa yangu, na sikuiuza hata moja. Kila muhula ilimwendea mtoto ambaye mzazi wake alikuwa akipita hapa anaangalia upande wa pili. Nilijivuna kwa hilo kuliko nilivyojivuna kwa nyinyi watatu. Hiyo ndiyo akili yangu, wanangu: nikipewa cha kumi, mkono wangu unatafuta cha kumi na moja wenyewe, hata nikiwa usingizini.

Nikatoka hospitali na mfuko wa dawa. Asubuhi saa mbili, jioni saa mbili, bila kukosa, mpaka siku ya mwisho ya maisha yangu, kwa sababu mwili unajua moyo huu si wake na unataka kuutoa nje, na vidonge ndivyo vinavyoushika mwili mkono usifanye ugomvi. Bima ya Mwalimu ikalipa vipimo tu, kitanda na vidonge ikasema havimo. Nikapiga hesabu kwa hesabu ninayoijua: dawa za mwezi mmoja ni sare arobaini zilizoshonwa, kupigwa pasi na kulipwa, na duka letu katika mwezi mzuri linatoa sare hamsini. Mwezi mbaya mnaujua wenyewe.

Halafu siku moja mchana mkadhani nimelala. Mlikuwa jikoni, mnanong'ona, na mnong'ono wa dereva unasikika mpaka sokoni. Nikasikia mnasema duka liuzwe. Cherehani, meza, chumba hiki, vyote, hela iwekwe benki iwe ya dawa za mama. Na nikamsikia kitindamimba, ambaye hana kazi nyingine wala ufundi mwingine duniani ila huu, akisema, "Liuzwe tu. Mama hauzwi." Nilivuta shuka nikajifunika uso. Nilikasirika kwa mapenzi, sijui kama mtu anaweza kunielewa nikisema hivyo. Nikajiambia, hawa hawatauza chochote, nitawaonyesha kwamba Kumi na Moja bado yupo.

Nikaanza. Kila siku ya kumi nilikuwa sinywi. Kitindamimba ananijazia kile kiboksi chenye vyumba saba, ananiletea na glasi ya maji, anasimama kama askari mpaka nimeze, nami nakisukuma kidonge shavuni, nakunywa maji, nasema ahsante mama, nafuta mdomo kwa leso, na kidonge kinabaki kwenye leso. Kutoka dawa za siku kumi nikatoa za kumi na moja. Nilifurahi! Nilihisi niko kwenye meza yangu nakata. Na kwa kuwa sikuumwa, nikaifanya kila siku ya nane, kisha kila siku ya tano, nikiviweka akiba kwa ajili ya mwezi ambao hela haitapatikana, ili siku mtakaponijia na karatasi za kuuza duka niwaambie, shikeni, dawa hizi hapa, rudisheni kalamu mfukoni.

Ndio. Mmesikia vizuri. Dereva, kaa chini. Nimesema kaa, bado sijamaliza, na ukisimama sasa nami nitashindwa kumaliza.

Miguu ikavimba, ngazi mbili zikawa mlima, nikaamka asubuhi nahema kama niliyebebeshwa gunia, mkanikimbiza hospitali. Siku tano za dripu, dawa kali, waya shingoni, na gharama ya siku hizo tano ilikuwa mara sita ya bei ya vidonge vyote nilivyobana, na kuilipa dereva akakopa kwa mwenye lori lake, na mpaka leo anaendesha safari za watu wawili. Hiyo ndiyo akiba niliyowawekea. Kwa kitambaa yapo mabaki, kwa dawa hayapo, kila kidonge ni nguo nzima, na mimi nilikuwa nakata nguo ya mtu katikati ya mgongo.

Lakini hilo si baya zaidi. Daktari alipotazama damu akasema, "Dawa imekuwa pungufu mwilini, nani humpa mgonjwa dawa?" Mkamwangalia kitindamimba. Wote wawili, kwa pamoja, kama mlioambizana. Na mimi nilikuwa pale, macho yangu wazi, akili yangu timamu, nikageukia ukutani.

Nikanyamaza, wanangu. Sikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni siku ile. Ningeweza kusema. Nikamsikia kifungua mimba akimwambia mdogo wake huyu pale ukumbini, "Kidogo umuue mama kwa uzembe," nikanyamaza. Mwalimu akamnyang'anya kile kiboksi akawa anakijaza mwenyewe, nikanyamaza. Wiki sita sasa mtoto huyu anaingia kwa mlango wa nyuma, hali nasi, anashona ameinama, na mara tatu nimemkuta anahesabu vidonge vya zamani kwenye karatasi, anahesabu tena na tena, anatafuta alipokosea, na mara ya mwisho aliniambia, "Mama, labda kweli nilikosea." Mwanangu, hukukosea. Hukukosea hata siku moja. Nipe lile kopo la vifungo hapo juu. Si hilo, lile la bluu. Lifungue. Limwage mezani, mbele ya kaka yako na dada yako.

Hivyo vyeupe si vifungo.

Haya basi. Nikasirikieni, nimewaita kwa ajili hiyo pia, na nimesubiri mpaka moyo umetulia ili mnikasirikie bila woga wa kuniua. Niliogopa mtaniona mzee mpumbavu, ndiyo sababu, hakuna sababu nyingine iliyo nzuri. Kitindamimba, nisamehe. Naomba mbele ya watu kwa sababu ulilaumiwa mbele ya watu. Na nyinyi wawili mkishamaliza kunitazama hivyo, mnajua ni nani wa kumwangukia, na mfanye leo, msiniachie nyumba yenye milango miwili ya kuingilia. Hivyo vidonge msinipe tena, vimelala na vifungo muda mrefu, virudisheni hospitali wavitupe wanavyojua.

Sasa wosia wenyewe, na niseme haraka maana sauti inaanza kuniishia. Ni koo, Mwalimu, ni koo, usinishike mkono kama unapima joto.

Duka haliuzwi. Chumba cha mbele kinachotazama barabara ni cha Mwalimu badala ya kiwanja, na yule mpiga picha wa pasipoti aliyekiomba mwaka jana apewe akipange kuanzia mwezi ujao. Kodi yake inunue dawa maadamu naishi, na siku nisipohitaji dawa iende kwenye lile dirisha la jikoni lenye pazia la maua. Chumba hiki na cherehani zote ni vya kitindamimba, na kila kazi itakayopita kwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo, hela yake ni ya dawa, isiguswe kwa mkaa wala kwa nauli. Nyumba ya nyuma na ua ni vya kifungua mimba, na deni lako kwa mwenye lori ni langu mimi, si lako. Nitalishona sare kwa sare, wala usibishane, nimeshaanza, zile tatu zilizotundikwa hapo ni zako. Na pale hospitali kuna afisa wa ustawi wa jamii, mlango wa tatu kushoto, ambaye kazi yake ni kuwasaidia waliopungukiwa dawa. Nimeupita mlango ule mara kumi natazama upande wa pili, kama wale wazazi waliokuwa wakipita hapa dukani. Mwezi ukitushinda, tunaingia. Mimi ndiye nitakayebisha hodi.

Mkasi wa baba yangu, huu mzito, apelekewe mjomba wenu leo hii akiamka. Yeye ndiye anayejua kuunoa. Mwambieni dada yake amevihesabu vile vipande na hakikupungua hata kimoja. Ataelewa, atajifanya hajaelewa, mwacheni.

Na la mwisho. Nikifa, macho yangu. Daktari kasema moyo huu hauwezi kuhama mara ya pili, ila macho yanaweza kumfaa mtu, na macho haya yamechomeka uzi sindanoni miaka arobaini, si mabaya. Mkiulizwa pale ukumbini, msiangaliane. Semeni ndiyo upesi, kama wale walivyosema kwa ajili yangu.

Nawabariki. Mungu awape kazi isiyowaaibisha na watoto watakaowasumbua kiasi, kama nyinyi mlivyonisumbua, na awape... ngojeni nivute pumzi... awape ndimi za kusema mapema. Mimi wangu ulichelewa wiki sita.

Hiyo simu inalia. Saa mbili, saa ya dawa. Mwalimu, kile kiboksi kirudishe kwa mwenyewe. Ndiyo, yeye, mpe mkononi. Kitindamimba, njoo mama, nipe kwa mkono wako kama zamani. Leta maji. Haya. Nimemeza. Tazama, nafungua mdomo, nainua ulimi, tazama na mashavuni, usinionee aibu, kuanzia leo utatazama kila siku, mpaka mwenyewe nikuombe uache, na nikikuomba usiache.

Unalia nini sasa? Ah, na wewe dereva? Njooni, njooni wote, maambukizi yatanisamehe siku moja. Hivyo. Hivyo hivyo.

Ngojeni. Nyamazeni kidogo. Umeanza... habari imeufikia. Niliyosema yote, ndio kwanza umeambiwa. Mnausikia unavyokimbia? Usiogope, Mwalimu, hii siyo ile ya kuumwa, hii naijua. Wekeni mikono hapa. Kitindamimba, wako uwe wa kwanza.